Yeyo na Sufuria ya Meneja

Ninyi wasichana mnaopika siku hizi mkiwa na kofia nyeupe kichwani na simu mfukoni, sogeeni hapa. Mimi nimepika kando ya barabara kule Themi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zimekuwa kama pamba. Nimelisha wapakiaji, mafundi, makarani, madereva wa malori, na mchungaji mmoja aliyekuwa akijificha nyuma ya gazeti ili waumini wake wasimwone anakula sahani ya pili. Shule niliishia darasa la tatu. Lakini watoto wangu wamesoma kwa maharage yangu, na mjukuu wangu mmoja ana mgahawa Kijenge, una viti vinavyozunguka. Nikienda pale ananiambia, "Bibi, kaa tu, usiguse kitu." Mimi! Nisiguse kitu jikoni!

Watu wananiuliza kazi hii nilifundishwa na nani. Nawajibu, na mama yangu. Na aliyekaribia kuniua njaa katika kazi hii ni nani? Mama yangu huyo huyo. Kwa hiyo msikilize vizuri, maana nikisema habari zake sijui mwenyewe kama nasifu au nashtaki.

Yeyo, ndivyo sisi Waarusha tunavyomwita mama, alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mipana, akikupiga mgongoni kukupongeza unakohoa. Alikaa juu mlimani, ukipanda kutoka Kijenge mpaka ufike mahali migomba ni mingi kuliko nyumba. Mali hakuwa nayo. Alikuwa na ng'ombe wachache wenye hasira, migomba yake, na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kumwona mtu anatazama chakula bila kumpakulia. Awe ndugu, awe mpita njia, awe mtu waliyegombana naye kanisani jana yake. Ukitazama sufuria yake umekwisha, utakula.

Tulipokuwa watoto kulikuwa na mzee jirani yetu aliyefiwa na mkewe. Kila jioni anakuja kuomba kaa la moto. Kila jioni! Na si asubuhi, si mchana, ni pale hasa ugali unapogeuzwa. Yeyo anamwambia, "Kaa kwanza, mzee, makaa bado hayajakolea." Mzee anakaa. Makaa yanachelewa kukolea mpaka amemaliza kula. Sisi watoto tunatazama matonge yetu yanavyopungua ukubwa, tunanuna. Siku moja kaka yangu akachoka, akasema, "Yeyo, si tumnunulie kiberiti huyu mzee?"

Yeyo akamkata kofi moja dogo. "Kiberiti anacho. Kipo mfuko wa koti, nimekiona."

"Sasa kwa nini anakuja kuomba moto?"

"Akiwasha wa kwake, atakula na nani?"

Hiyo ndiyo shule yangu. Ile nyingine ya darasa la tatu ilikuwa ya kuhesabu vijiti.

Nilipoolewa nikashuka Kijenge, na huko nikapata mwalimu wa pili, Bi Zuhura, mama wa Kitanga aliyekuwa akiuza vitumbua nyumba ya pili kutoka kwetu. Yule ndiye aliyenitoa ushamba wa jikoni. Mimi nilijua kuchemsha tu. Sisi kwetu, kitu kikiiva kimeiva, tunakula tunashukuru Mungu. Bi Zuhura alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe kitunguu unakiogopa? Mbona unakitupa ndani ya maji kama unamzamisha mwizi? Kikaange kwanza! Kisubiri kikubadilikie rangi!" Nikajifunza kusubiri kitunguu. Mpaka leo nikiona msichana anatia nyanya kabla kitunguu hakijawa rangi ya dhahabu, mkono unaniwasha.

Siku Yeyo aliposhuka kunitembelea, Bi Zuhura akaleta maharage ya nazi. Yeyo akala, akalamba vidole. Halafu akauliza kwa heshima kabisa, "Dada, haya maziwa ni ya ng'ombe wa nani?"

Bi Zuhura akacheka mpaka mtandio ukaanguka. "Ng'ombe wa Tanga huyo, dada yangu. Anakaa juu ya mti."

Yeyo akatikisa kichwa. "Basi ndiyo maana ninyi hamchungi," akasema.

Nami nikafanya kosa la upande wa pili. Siku za mwanzo za biashara yangu nilipika loshoro. Ninyi wa mjini mnaijua kwa jina tu. Ni mahindi yaliyokobolewa, unayachemsha mpaka yanalainika, unayaponda na ndizi, unaacha yapoe, halafu unachanganya na maziwa ya mgando. Kwetu hicho ni chakula cha mtu unayempenda. Nikaipeleka kwa majivuno kwa watu wa mjini, waliotoka Tanga, Singida na wapi. Mteja wa kwanza akaonja, akaangalia huku na huku, akaniinamia sikioni kwa huruma. "Mama, usinielewe vibaya. Chakula chako kimechacha."

"Ndiyo, kimechacha," nikamjibu. "Kisingechacha ningekuuzia?"

Akaweka kijiko chini taratibu, akaondoka kwa hatua za mtu anayemkimbia mbwa bila kutaka mbwa ajue. Siku ile loshoro yote tulikula nyumbani, mimi, watoto, na Bi Zuhura aliyefumba macho ili asionekane mwoga. Jifunzeni hapo: kabla hujampikia mtu, jua mama yake alimpikia nini.

Sasa nikija kwenye miaka ya kisa chenyewe. Kabla yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni na sukari, unaweka jiwe kushika nafasi, ukirudi unakuta jiwe lako limesukumwa mwisho kama vile nalo halina ndugu. Halafu ghafla maduka yakajaa. Sabuni za kila rangi, mafuta ya kupikia kwenye madumu ya manjano, khanga, redio, na ile hotpoti, mnaijua, chombo cha plastiki cha kutunza joto. Hotpoti ilipofika Arusha wanawake tulichanganyikiwa. Ukialikwa harusini unaangalia kwanza hotpoti, ndipo unamwangalia bibi harusi.

Lakini maduka yalipojaa, viwanda vikaanza kupunguza watu. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani mchana, amebeba ovaroli yake imekunjwa vizuri, akakaa kitandani akaitazama. Mwanaume wa watu aliitazama hivyo mpaka jioni. Nikajua kuanzia siku ile sahani za nyumba yetu zitatoka kwenye sufuria yangu tu. Nikabeba masufuria nikaenda Themi, kwenye barabara ya viwanda, nikaanza kupika.

Yeyo aliposikia, akashuka na mkungu mgongoni. Akawa anashuka kila alipopata nafasi. Na hapo taabu ikaanza. Mimi nilinunua upawa mdogo, wa kiasi, ili kila mtu apate chake na mimi nipate changu. Yeyo akautazama ule upawa kama mtu anayetazama kiatu cha mtoto. "Huu wa kumlishia nani, kuku?" Siku ya pili sikuuona. Siku ya tatu niliukuta nyumbani kwake, anachotea majivu. Akipakua yeye, sahani inakuwa mlima, ina kilele, imebaki theluji tu. Mteja akija na njaa ya kawaida, anaondoka ameshika kiuno.

"Yeyo, utanifilisi."

"Huyu mtu anapakia magunia. Unataka apakie kwa upepo?"

Nisiwadanganye, kuna mambo ya kazi aliyonifundisha ambayo sikuyaona kwa mtu mwingine. Ndizi za kupika, paka mikono mafuta kabla ya kumenya, utomvu usikushike, na kila ndizi ukimaliza iingie kwenye maji hapo hapo, la sivyo inakuwa nyeusi na machalari yako, zile ndizi na nyama, yanafanana na maji ya mfereji. Usikoroge ndizi kila dakika. Tikisa sufuria kwa masikio yake. Nyama itangulie, ndizi ifuate, mafuta ya ng'ombe mwisho kabisa, ukishaepua. Na alikuwa akitazama watu kuliko anavyotazama moto. "Yule mwenye kofia leo hajalala," anasema. "Mpe supu kwanza." Na kweli.

Basi kulikuwa na kiwanda kimoja Themi, jina nalihifadhi, kilikuwa kimefunga jiko lake la wafanyakazi ili kupunguza gharama. Mlinzi wa getini, Lomayani, kijana wa kwetu mlimani, akaja kunipa habari kabla ya wengine. "Mama Loti, Meneja anataka mama mmoja apike ndani ya geti. Mmoja tu. Kuna banda la bati, kuna bomba la maji, na wafanyakazi wote watakula kwake. Mtaleta chakula, ataonja mwenyewe, atachagua."

Bati! Bomba! Mimi niliyekuwa nachota maji ng'ambo ya barabara na kupika chini ya kipande cha turubai, mvua ikinyesha nafunika sufuria kwanza, ndipo nafunika kichwa changu. Na mume yuko nyumbani anatazama ovaroli. Nikapika machalari siku ile kama napikia malaika. Nilimenya ndizi moja moja nikizisemesha. Bi Zuhura alikuja alfajiri kusimamia kitunguu, hakuniachia hata mara moja. Yeyo naye akashuka, akasema atanisaidia kubeba. Laiti ningemwambia abaki na watoto! Lakini mama yako akikuambia anakusaidia kubeba, utasema nini?

Tukafika getini asubuhi. Kulikuwa na wanawake kadhaa, kila mmoja na chombo chake, tumesalimiana kwa meno tu. Mkali wao alikuwa Mama Shose, Mchaga wa Machame, mpishi kweli kweli, simnyimi haki yake. Alikuja na hotpoti kubwa nyekundu yenye maua, akaiweka chini, akakaa juu yake kama kuku anayeatamia, ili mtu yeyote asifunue.

Meneja hakutokea. Lomayani akatuambia yuko kwenye mkutano. Jua likapanda. Akatuambia mkutano bado. Jua likatukalia utosini. Hakuna kivuli, hakuna pa kukaa, na kila sufuria inanuka vizuri kuliko mwenzake. Yeyo akaanza kutazama watu. Mimi namjua. Nikamwona macho yanavyotembea, kutoka kwa Lomayani, kwenda kwa wale wanawake, kurudi kwenye sufuria.

"Yule kijana wa geti ametoka kwao bila kula," akasema.

"Umejuaje?"

"Anameza mate."

"Yeyo, usianze."

"Sijaanza."

"Mbona umeshika upawa?"

"Nimeushika tu, usianguke kwenye vumbi."

"Yeyo, hii ni ya Meneja. Ya Meneja! Akila huyo, watoto wako wanakula mwaka mzima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Naishiye. Mimi si mtoto." Jina langu akilitaja hivyo, lote, kwa upole, ni dalili mbaya. Lakini kiu ilikuwa imenibana. Nikavuka barabara kwenda kuomba maji. Pale kwenye bomba kulikuwa na foleni, watu wanasukumana na ndoo, mimi nasubiri zamu yangu huku nimegeuza shingo. Sikuona vizuri. Niliona tu kwamba lile kundi la wanawake, lililokuwa limetawanyika kila mtu na chuki yake, sasa limekuwa duara.

Nikaacha maji. Nikavuka bila kutazama gari.

Walikuwa wanakula. Wote! Mmoja ameshika kifuniko, mwingine jani la mgomba lililofunika sufuria yangu, Lomayani amevua kofia ya ulinzi na kwa bahati nzuri hakulia humo, alipewa bakuli. Mama Shose anakula bila kushuka kwenye hotpoti yake. Na katikati yao Yeyo ameinama, anakwangua chini ya sufuria, uso unang'aa kama wa mtu aliyetoka kubatizwa.

"Yeyo! Ya Meneja iko wapi?"

"Meneja hayupo."

"Anakuja!"

"Akija tutampikia. Hawa wapo."

"Hawa ni wapinzani wangu, Yeyo! Wamekuja kuninyang'anya!"

Akawatazama mmoja mmoja, kama vile ndiyo kwanza anasikia. "Hata mpinzani ana tumbo," akasema. "Huyu hapa ananyonyesha, alikuwa anataka kuanguka." Na kweli mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, midomo imemkauka. Sikuwa nimemwona. Toka asubuhi nimesimama naye bega kwa bega, sikuwa nimemwona.

Hapo hapo geti likafunguka. Meneja. Mwanaume mwembamba wa kutoka Dar es Salaam, tai imelegea, mkononi ana kijiko chake mwenyewe. Akaanza kuonja. Anafunua, anaonja, anaguna, anasogea. Mama Shose alishuka kwenye hotpoti yake, akafunua, mvuke ukatoka kama treni. Meneja akaonja, akaonja tena. Halafu akafika kwangu. Akafunua.

"Hiki nini?"

"Sufuria, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Naona ni sufuria. Chakula kiko wapi?"

Lomayani ana kipande cha ndizi kwenye masharubu, anatazama mbele kama askari wa gwaride. Wanawake wote wamepata ghafla kitu cha kuangalia angani. Mimi natafuta ardhi inimeze, ardhi ya Themi ni ngumu, haikunimeza.

Mama Shose akakohoa. "Bosi, usikitafute," akasema. "Tumekila sisi. Na ushukuru, maana ungekionja, sisi wengine ungetufukuza hapa hapa."

Watu wakacheka. Meneja naye akacheka, akakunja tumbo, akajipangusa macho kwa ile tai. Nikasema, nimepata! Mungu wa Yeyo ni mkubwa, nimepata bila hata kuonjwa!

Meneja akamaliza kucheka. Akafunika sufuria yangu taratibu. "Mama, nimecheka vizuri," akasema. "Lakini siwezi kuwapa wafanyakazi mia sufuria tupu." Akampa Mama Shose geti, bati na bomba.

Njia ya kurudi nilibeba sufuria kichwani huku nalia. Mtu anayelia akiwa na sufuria kichwani anachekesha sana, watoto walinifuata. Sikumsemesha Yeyo mpaka tumevuka daraja la mto Themi. Yeye anatembea nyuma yangu, nasikia kandambili zake. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema, "Lakini walimaliza kabisa. Hata ukoko."

Nikageuka. "Yeyo, umenimaliza mimi."

Akasimama. Uso ule mpana ukashuka. Akanitazama, akatazama sufuria, nikaona ameelewa ukubwa wake, ameelewa mume kitandani na ovaroli. Hakuomba radhi. Sijawahi kumsikia akiomba radhi kwa kulisha mtu. Ila kesho yake, kabla jua halijatoka, alikuwa mlangoni kwangu, na mkungu mgongoni na mwingine begani, anahema. "Geti lina upande wa ndani na upande wa nje," akasema. "Wa nje hakuna aliyetukataza. Twende."

Tukapika nje ya geti. Sitawapamba: ilikuwa vumbi, moshi na mgambo wa mji. Mgambo wakija tunakimbia na sufuria inachemka, jaribuni siku moja mwone, ni kazi ya miguu na ya dini. Lakini madereva wanaosubiri kupakia walikula kwetu, vibarua wasio na kadi ya ndani walikula kwetu, Lomayani akawa anajifanya haoni tukichota maji. Nyumba yangu ikaendelea. Mume wangu alivaa ile ovaroli akaja kupasua kuni.

Ila wivu, jamani! Mimi nje nakula vumbi, nasikia ndani bomba la Mama Shose linamwagika. Chwaaa. Anafungua makusudi, nilikuwa nasema. Mtu gani anaosha vyombo kwa kelele vile? Nilifika mahali nikawa namwomba Mungu bomba lile likauke. Siku moja maji yakakatika Themi nzima, nami nikakosa, nikaacha kuomba hivyo.

Yeyo hakuwa na wivu. Mama Shose akitoka jioni, Yeyo anamuuliza, "Leo wamekula nini?" na wanakaa kuzungumza habari za chumvi, mimi nafunga mizigo kwa hasira mpaka kamba inakatika. Baadaye miguu ya Yeyo ikaanza kuvimba, mlima ukamshinda. Akabaki juu. Nikabaki na upawa mwenyewe, na niwaambie ukweli, nilipunguza vile vilele. Si sana. Kidogo.

Halafu kiwanda kile kikauzwa. Siku hizo vilikuwa vinauzwa kama mbuzi. Mwenye kununua akaja kutazama, akaondoka. Mitambo ikanyamaza. Asubuhi moja tukakuta mnyororo kwenye geti na karatasi imebandikwa, na wafanyakazi wamesimama wanasomeana. Mama Shose alikuwa miongoni mwao. Sufuria zake, majiko yake, kuni zake, vyote ndani. Alichokuwa nacho ni ile hotpoti nyekundu, maana jana yake aliipeleka nyumbani kuiosha.

Watu wakatawanyika. Yeye hakutawanyika. Akavuka barabara, akasimama mbali kidogo na mimi, hotpoti mkononi, haikuwa na kitu.

Sasa eleweni hali yangu. Kiwanda kimefungwa, malori ya pale hayaji tena. Nimebakiwa na vibarua wa viwanda vya jirani na wapita njia, sufuria ambayo ilikuwa inakwisha mchana sasa inafika jioni. Nikimkaribisha mpishi mwingine hapa, na mpishi kama yule, nusu ya hao waliobaki wataondoka na nani? Mume wangu akaacha shoka, akaniangalia. Lomayani naye amefukuzwa kazi, amekaa kwenye kuni, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Loti, mwache. Alipokuwa ndani alikuitia bomba?"

Nikasema moyoni, afadhali Yeyo hayupo. Angekwisha kugawa kila kitu, na turubai juu yake. Leo naamua mimi.

Mama Shose akatazama sufuria yangu. Mara moja tu. Kisha haraka akageuza uso, akawa anaangalia mlima Meru. Na mlima siku hiyo ulikuwa umefunikwa na wingu toka juu mpaka chini. Hakuna mlima! Mwanamke mzima amesimama anaangalia wingu kwa bidii, koo linapanda na kushuka.

Nilipotazama mkono wangu, ulikuwa umeshapakua. Sikuutuma. Na sahani ilikuwa na kilele.

Nikakasirika sana. "Wewe Mama Shose!" nikapiga kelele. "Njoo uchukue sahani yako, mimi si mhudumu wako wa kukuletea huko!"

Akaja. Akala akiwa amesimama, haraka kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Akamaliza. Akapangusa mdomo kwa khanga, akanitazama usoni, nikangoja asante yangu.

"Chumvi imepungua," akasema.

Lomayani akaangusha kijiko. Nilitaka kumpiga na mwiko, nawaapia. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Kama unaijua sana chumvi, kesho njoo utie mwenyewe. Na ulete hiyo hotpoti yako, si ya kuangalia mlima."

Akaja kesho. Akaja kesho kutwa. Tuligombana kila siku ya Mungu, habari ya chumvi, habari ya moto, habari ya nani amemchekea mteja wa nani. Mwanzoni mapato yalipungua kama nilivyoogopa, miezi ile tulikula kwa kubana nyumba zote mbili. Baadaye watu wakaanza kutoka mbali kuja kula, maana machalari yangu na mtori wake, ile supu nzito ya ndizi, kwenye jiko moja hayakuwepo kwingine Themi. Lakini hayo ni ya baadaye, wala siku ile sikuyajua. Siku ile nilijua tu kwamba nimejipunguzia.

Jumamosi nikapanda mlimani kumweleza Yeyo. Nilipanda nimevimba kichwa. Nilitaka anisifu, kwa nini nisiseme? Maisha yangu yote nimemlaumu kwa mkono wake, leo nimefanya la kwake. Nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda chake, miguu ameinyoosha, anamenya ndizi. Nikamweleza yote, mnyororo, hotpoti, wingu, sahani. Nikatia na chumvi.

Alisikiliza hadi mwisho. Hakucheka palipochekesha. Akaitumbukiza ndizi kwenye maji.

"Alikula amekaa wapi?" akauliza.

"Amesimama."

"Amesimama? Na kesho yake?"

"Na kesho yake amesimama. Yeyo, nina kigoda kimoja tu pale, na ni changu."

Akanitazama kwa muda, kama alivyoutazama ule upawa mdogo. Halafu akashika ukuta, akajiinua kwa ile miguu yake mibovu, akashuka akakaa kwenye gunia la maganda, na kwa kisigino akanisukumia kigoda chake.

"Mpelekee," akasema. "Mtu hawezi kukosoa chumvi vizuri akiwa amesimama."

Nilishuka nacho mlima mzima kichwani, kigoda cha mti mgumu, kizito kama dhambi, na kila hatua nilikuwa namtukana Mama Shose.